Mvua ya Ziwa na Kalenda ya Maua

Paa la bati lenye eneo la mita za mraba 100 hupokea lita 100 za maji kwa kila milimita moja ya mvua. Mjini Bukoba, mwezi wa Aprili peke yake huleta kwa wastani zaidi ya milimita 300. Hizo ni zaidi ya lita 30,000 ndani ya mwezi mmoja, na kwenye nyumba isiyo na gata maji hayo yote humwagikia ukanda mwembamba wa ardhi ulio chini ya mchirizi wa paa. Ukanda huohuo, ulioambaa na ukuta, ndio ambao wengi wetu tumeuchagua kuwa mahali pa maua.

Matokeo yanaonekana Hamugembe, Rwamishenye na Kashai hapa Bukoba kama yanavyoonekana Muleba mjini na Kamachumu. Mawe yamepangwa vizuri na kupakwa chokaa, udongo umelimwa, lakini ukiinama unaona mstari wa vishimo vilivyochimbwa na matone, mizizi ya juu imebaki wazi, na tope limerukia majani mpaka yamegeuka rangi. Mwenye nyumba anasema mbegu zilikuwa feki. Jirani yake anasema ardhi ya hapa haipendi maua. Mimi nasema mbegu mara nyingi ni nzima na ardhi inatengenezeka. Kilichoharibu kazi ni mahali na majira. Tunapanda maua mvua inapoanza kwa sababu ndivyo tulivyozoea kupanda mahindi na maharage, na kwa maua mengi ya msimu, katika mwambao huu wa ziwa, huo ndio wakati mbaya kuliko yote.

Tuitazame mvua yenyewe. Bukoba hupata takribani milimita 2,000 kwa mwaka. Dodoma hupata chini ya 600. London, mji unaosifika duniani kwa mawingu na miavuli, hupata kama 600 tu. Hili ni jambo la kuzingatiwa, maana pakiti nyingi za mbegu za maua tunazonunua madukani zina maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini, au yaliyonakiliwa kutoka huko. Yanakwambia usie kwenye ardhi iliyo wazi hali ya hewa ikishapata joto, halafu umwagilie mara kwa mara. Kule wanasubiri baridi kali ipite. Hapa hakuna baridi ya kusubiri ipite: joto la mchana ni nyuzi 25 au 26 karibu mwaka mzima, na usiku hushuka hadi 16 au 17. Kinachosubiriwa hapa ni maji kupungua.

Saa ambayo mvua hunyesha nayo ina uzito wake. Usiku, hewa ya nchi kavu inayolizunguka Ziwa Victoria hupoa haraka kuliko hewa iliyo juu ya maji. Upepo hutoka nchi kavu pande zote ukaelekea ziwani, ukakutana huko na kupanda juu, na mawingu ya radi hujengeka. Kisha pepo za mashariki huyasukuma mawingu hayo kuja upande wa magharibi, yaani kwetu. Ndiyo maana ngurumo za Bukoba huja sana usiku wa manane na alfajiri, wakati mikoa mingi ya bara hunyeshewa alasiri. Jani lililoloa saa nane usiku hubaki na maji mpaka jua la saa tatu au saa nne asubuhi. Hizo ni saa saba au nane za unyevu mfululizo, na ukungu mwingi unaoshambulia maua hauhitaji zaidi ya hapo kuota na kupenya ndani ya jani. Anayemwagilia maua yake jioni mwezi wa Mei anauongezea ukungu saa nyingine nyingi za kazi.

Kadiri unavyoliacha ziwa mvua hupungua, na Muleba inalionyesha hilo ndani ya wilaya moja. Vijiji vya kando ya ziwa na uwanda wa juu wa Kamachumu vina unyevu mwingi. Upande wa magharibi, kuelekea Ziwa Burigi, ni mkavu zaidi, na mkulima wa huko anaweza kupanda maua mapema kuliko mwenzake wa kando ya ziwa bila kupata hasara. Kwa hiyo tarehe nitakazotaja ni za mwambao. Anayeishi mbali na maji azisogeze nyuma wiki mbili au tatu.

Mwaka wetu wa mvua unakwenda hivi. Masika huanza Machi, hufika kilele Aprili na Mei, kisha hukatika kwa kasi Juni inapoingia. Julai ndio mwezi mkavu kuliko yote, na bado una kama milimita 50 pamoja na umande wa kutosha kila asubuhi. Septemba mvua hurudi, ikaendelea hadi Desemba bila ukali wa Aprili. Januari na Februari hupungua kidogo lakini hazikauki. Katika mzunguko huo tuna bustani mbili tofauti kabisa, na kosa kubwa la watunza bustani wetu ni kuzipanda maua yaleyale.

Bustani ya kwanza ni ya jua. Maua yake yanatakiwa yachanue kuanzia katikati ya Juni hadi mwanzoni mwa Septemba, miezi ambayo maturubai ya harusi yanasimamishwa bila hofu na wageni wanapiga picha nje. Marigodi fupi huchanua wiki nane au tisa baada ya kusiwa. Zinia na kosmosi huhitaji wiki nane hadi kumi. Salvia nyekundu huenda hadi wiki kumi au kumi na mbili. Rudi nyuma kwa hesabu hiyo utaona kwamba mbegu zinapaswa kuwa kitaluni katikati ya Aprili, salvia mapema zaidi, wakati nje mvua inapiga kwa nguvu zake zote. Miche inakaa chini ya paa mwezi mzima na zaidi. Inatoka nje wiki ya mwisho ya Mei au ya kwanza ya Juni, ardhi ikiwa imeshiba maji na mbingu zimeanza kufunguka. Mvua chache za mwisho zinaishikisha mizizi, na jua linapokuja linakuta mmea umekwisha kujitegemea. Mwaka ambao Juni inakuwa kavu kupita kawaida, ndoo mbili za maji kwa tuta, asubuhi, mara mbili kwa wiki, zinatosha.

Bustani ya pili ni ya mvua. Inasiwa mwishoni mwa Agosti na Septemba, inahamishwa Oktoba, na kazi yake ni kuwa na rangi Noeli inapofika na kuendelea hadi Februari. Hapa kosmosi na petunia zenye maua makubwa hazina nafasi. Hapa ni mahali pa begonia, impatiensi, koleusi yenye majani ya rangi, kanna na marigodi za vichwa vidogo. Kuna angalizo moja la kwetu ambalo hakuna kitabu cha kigeni kitakachokupa: Novemba ndio msimu mkuu wa senene, na senene hufuata mwanga. Tuta lililo chini ya taa ya ulinzi, ya hoteli au ya kituo cha mafuta, litakanyagwa na watoto na watu wazima usiku wote siku wanapoanguka. Usihamishie miche michanga mahali hapo kabla ya Desemba. Weka kanna zilizokwisha kukomaa au acha majani tu.

Urefu wa mchana nao una sehemu yake. Bukoba iko nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana wetu ni wa saa kumi na mbili na dakika chache mwaka mzima. Kuna maua ambayo hayatoi tumba mpaka mchana urefuke kupita saa kumi na nne, kama unavyorefuka Ulaya katika miezi ya kiangazi. Rudbekia ni mfano mzuri: hapa itatoa majani yaliyosambaa chini, mazuri na yenye afya, na itakaa hivyohivyo. Mashamba makubwa ya maua ya Naivasha, Kenya, yako karibu na ikweta kama sisi, na baadhi yake huwasha taa usiku ili mimea ya namna hiyo ihesabu mchana mrefu. Wao wanauza nje kwa fedha za kigeni, gharama ya umeme inarudi. Kwa ua la mbele ya nyumba au uwanja wa kanisa, dawa ni kuiacha mbegu hiyo dukani. Kosmosi na zinia ziko upande wetu. Kwa mchana wa saa kumi na mbili huwahi kuchanua, tena zikiwa fupi, jambo ambalo ni faida palipo na upepo wa ziwa.

Sasa udongo, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ilipo hazina ya watu wa Kagera ambayo watunza bustani hawaitumii. Mvua ya milimita 2,000 huosha. Huyeyusha chokaa, potasiamu na naitrojeni na kuzipeleka chini mizizi isikofika, na kinachobaki ni udongo wenye asidi na aluminiamu nyingi, maskini wa fosforasi. Huo ndio udongo wa rweya, nyasi za wazi zinazoonekana kati ya kijiji na kijiji. Hatua chache kutoka hapo, mwamba ukiwa uleule na mvua ileile, unaingia kwenye kibanja chenye migomba, mibuni na maharage, na udongo ni mweusi, mlaini, umejaa nyungunyungu. Tofauti hiyo ni kazi ya mikono. Kwa vizazi vingi nyasi zilikatwa rweya zikatandikwa sakafuni, zikachakaa, zikapelekwa migombani. Samadi ya ng'ombe, majivu ya jikoni, maganda na mabaki ya chakula vyote viliishia hapohapo. Sotoka ya miaka ya 1890 ilipoua ng'ombe, vibanja vingi vilipungukiwa na samadi, na wataalamu wa udongo wa Kagera bado wanalitaja pigo hilo wanapoeleza kwa nini rutuba ilianza kushuka.

Uwanja mpya wa nyumba, wa shule au wa ofisi ni rweya hata kama umejengwa katikati ya kibanja cha zamani. Greda imeondoa udongo wa juu, fundi ameacha mchanga, vipande vya tofali na saruji, na kilichobaki ni udongo wa chini, mwekundu au wa kijivu. Tangu tetemeko la Septemba 10, 2016, lililobomoa nyumba nyingi na shule zikiwemo Ihungo na Nyakato, ujenzi mpya umekuwa mwingi, na viwanja vya namna hiyo vimeongezeka. Ombi langu kwa wenye miradi ni dogo: udongo wa juu uchotwe kwanza, ulundikwe pembeni na kufunikwa nyasi, urudishwe kazi ikiisha. Hakuna mbolea ya dukani itakayofidia sentimita 20 za udongo wa kibanja uliotupwa korongoni.

Palipokwisha kuharibika, tengeneza tuta kama unavyoanzisha shamba la migomba. Samadi iliyooza au mboji, ndoo moja kwa kila mita ya mraba, ichanganywe mpaka kina cha jembe. Majivu, konzi mbili kwa mita ya mraba, yapunguze asidi. Mbolea ya Minjingu, ambayo ni mwamba wa fosfeti unaochimbwa Manyara, inafaa sana hapa kuliko kwenye maeneo ya udongo wenye chumvichumvi, kwa sababu asidi ndiyo inayouyeyusha mwamba huo na kuiachia mizizi fosforasi. Maganda ya kahawa kutoka viwanda vya kukobolea yana potasiamu nyingi, lakini yasiwekwe mabichi. Yakiwa mabichi hupata moto na kuunyang'anya mmea naitrojeni. Yalundike miezi mitatu kwanza pamoja na majani ya alizeti pori, yale yenye maua ya njano yanayoota kando ya barabara, ambayo huoza haraka na yana chakula kingi. Mbolea za chumvi kama Urea na CAN zigawanywe kidogokidogo. Ukiweka kiasi chote kwa siku moja mwezi wa Oktoba, mvua ya wiki hiyo itaondoka na nusu yake, na iliyobaki itakupa majani manene, mepesi kuoza, na maua machache.

Anayetaka kuona asidi ya udongo kwa macho apande haidrenjia mbili. Ile iliyo kwenye udongo wa rweya itatoa maua ya buluu, kwa sababu asidi huifungulia aluminiamu ikaingia kwenye mmea. Ile iliyo karibu na jiko, panapomwagwa majivu kila siku, itaelekea rangi ya waridi.

Umbo la tuta ni la lazima kuliko mbolea. Maeneo makavu hufundisha kuzamisha kitalu ili maji yakae. Hapa tuta liinuliwe sentimita 25 hadi 30 juu ya uwanja, mgongo wake uwe wa mviringo, mfereji upite upande wa juu wa mteremko. Upana usizidi mita moja na robo ili mkono ufike katikati bila mtu kukanyaga, maana udongo uliokanyagwa ukiwa umelowa hushikamana na kukosa hewa msimu mzima. Liwe mbali na mchirizi wa paa kwa mita moja kamili. Ukanda ule wa chini ya mchirizi umwagiwe kokoto, au uwekewe gata na tangi. Kisha tandaza nyasi kavu unene wa vidole viwili, zisiguse shina. Tone la mvua ya Aprili linapopiga udongo mtupu hurusha chembe za tope pamoja na mbegu za ukungu mpaka kwenye majani ya chini. Nyasi hulipokea tone hilo likavunjika. Majani makavu ya migomba yaliyokatwakatwa yanafanya kazi hiyo vizuri vilevile.

Kitaluni adui ni mmoja na jina lake ni kinyausi. Miche imeota vizuri, imesimama, ina majani mawili. Asubuhi unakuta duara la miche ishirini imelala. Ukiuvuta mmoja unaona shina, pale linapogusana na udongo, limenywea na kuwa jembamba kama uzi, rangi ya kahawia, ilhali majani ya juu bado ni mabichi. Huo ni ukungu wa udongoni unaopenda maji yaliyotuama, kivuli na miche iliyosongamana. Kunyunyizia dawa baada ya duara kuonekana ni kazi bure kwa miche ile. Dawa ipo kwenye maandalizi. Tumia mchanga wa mto uliooshwa, nusu kwa nusu na mboji iliyoiva, na kama una sufuria kuukuu, chemsha maji uyamwage juu ya mchanganyiko huo siku moja kabla ya kusia. Paa la kitalu liwe la nailoni angavu, pembeni kuwe wazi upepo upite. Sia kwa mistari, si kwa kutawanya. Maji ni asubuhi tu, na siku ya mawingu mazito usimwagilie kabisa. Wiki moja kabla ya kuhamisha, iondoe miche chini ya nailoni kwa saa chache kila siku ili ikomae.

Kuhusu maua yenyewe nina misimamo. Petunia za maua makubwa hazifai mwambaoni nje ya Julai na Agosti. Mvua moja ya usiku huyageuza maua kuwa karatasi iliyoloa. Marigodi ndefu zenye vichwa vikubwa vilivyojaa petali zinapendwa na wapambaji, na ninaelewa kwa nini, lakini kichwa kile hushika maji. Ukikiminya asubuhi ya Novemba hutoa maji ya kahawia, na siku mbili baadaye kinainama na kuota ukungu wa kijivu. Chagua marigodi fupi, za vichwa vidogo, uzipande kwa nafasi ya sentimita 30 badala ya 20. Mizizi ya marigodi hutoa kemikali inayopunguza baadhi ya minyoo ya mizizi, na kwenye tuta lililopandwa nyanya au biringanya kabla, hiyo ni sababu ya pili ya kuichagua. Zinia ni ua la jua, na hata Julai litazame kwa ubwiri unga: vumbi jeupe juu ya majani linaloanzia chini. Dalia hukubali ubaridi wa Kamachumu na Rubya vizuri sana, ila zifungwe kwenye vijiti mapema, na viazi vyake vichimbwe baada ya kuchanua, vinginevyo vitaoza udongoni mvua itakaporudi.

Impatiensi inastahili heshima kubwa kuliko tunayoipa. Aina inayojaza bustani za kivuli za Ulaya na Marekani, Impatiens walleriana, asili yake ni misitu yenye unyevu ya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, na jina lake linamkumbuka mmisionari Mwingereza Horace Waller. Imezoea mvua na kivuli tangu awali. Chini ya mgomba wa pembeni mwa uwanja, au kwenye ukuta wa kanisa wenye kivuli ambako nyasi hazioti, hakuna ua la msimu litakaloishinda. Waingereza waliitegemea mno. Mwaka 2003 ugonjwa wa ubwiri vinyoya uliingia katika bustani zao, na kufikia 2012 ulikuwa umesambaa Marekani pia. Matuta yote yaliyokuwa ya impatiensi peke yake yalibaki vijiti. Tabaka jeupe chini ya jani na majani kudondoka kabla ya maua ndiyo dalili zake, na hali ya hewa inayoupendeza, ubaridi wa kiasi na majani yaliyoloa usiku kucha, ndiyo hali yetu. Changanya impatiensi na begonia na koleusi. Usijaze uwanja mzima ua la aina moja.

Kanna ni nguzo ya bustani ya mvua: mizizi yake hustahimili maji, majani yake hayapigwi na mvua yakachanika kirahisi, na hurudi yenyewe. Lakini hapa Kagera ina masharti. Mnyauko wa bakteria wa migomba uliingia mkoani mwaka 2006, Muleba ikiwa ya kwanza kupigwa, na umeharibu chakula na kipato cha familia nyingi. Kanna ni jamaa wa mbali wa mgomba, na katika majaribio ya kuambukizwa kwa makusudi imeonyesha kwamba inaweza kushikwa na bakteria huyo. Panga na kisu kinachopogoa kanna kisiende migombani bila kupitishwa motoni au kuoshwa kwa dawa ya madoa. Ukiona kanna inayonyauka bila sababu karibu na kibanja, ing'oe yote uifukie. Ua si la kubishaniwa mbele ya mgomba.

Hali hii ya hewa inayootesha kila kitu ina hatari nyingine. Gugumaji, lenye ua zuri la zambarau, lilitolewa Amerika ya Kusini na kusambazwa duniani kama pambo la madimbwi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Victoria, na Mto Kagera ulikuwa mojawapo ya njia zake kuu. Wavuvi wa Kemondo na wa visiwa vya Muleba hawahitaji kuelezwa lilichofanya. Basi mtu anapokuletea kipande cha mmea mzuri kutoka nje, unaojiotea wenyewe popote unapoanguka, sifa hiyo ya kujiotea iwe sababu ya kukataa. Mabaki ya bustani yasitupwe Mto Kanoni wala kwenye mfereji wowote unaoelekea ziwani.

Ningependa kuona Manispaa ya Bukoba na Halmashauri ya Wilaya ya Muleba zikipanga ununuzi wa miche kwa kalenda hii. Zabuni ya maua ikitangazwa Machi kwa kuwa mvua zimeanza, miche hufikishwa Aprili, hupandwa siku moja kwa haraka, na kufikia Juni, mwezi wa kupendeza kuliko yote, matuta yako wazi. Gharama ni ileile ukipanda wiki ya mwisho ya Mei. Parokia, sharika na shule zenye vijana wa kutosha zina nafasi bora zaidi, kwa sababu zinaweza kuwa na kitalu chao wenyewe: nguzo nne, nailoni, mchanga na mtu mmoja anayefika kila asubuhi. Kwa pakiti chache za mbegu kitalu cha namna hiyo hutoa miche ya kujaza matuta ya mbele na ziada ya kuwauzia waumini na wazazi.

Mbegu za mwaka ujao hutoka kwenye bustani ya jua, si ya mvua. Julai na Agosti ndiyo miezi pekee ambayo kichwa cha zinia, kosmosi au marigodi hukauka juu ya shina bila kuoza. Chagua mimea mitatu minne iliyo mifupi na yenye afya, iache bila kukata maua yake, vuna vichwa vikiwa vya kahawia na vinavunjika mkononi, anika kivulini juu ya gazeti kwa wiki moja, kisha tia kwenye chupa kavu yenye kijiko cha majivu yaliyofungwa kwenye kitambaa ili yavute unyevu. Mbegu chotara zisihifadhiwe. Watoto wake hawafanani na mama. Andika jina na mwezi kwenye karatasi, uiweke chupa mbali na dirisha, na kazi hiyo iwe imekwisha kabla ya mvua za Septemba kuanza.